Harufu ya Tairi Katika Pipa la Tatu

Lea alikuwa na tabia mpya, na mumewe alishaichoka. Asubuhi, kabla hajavaa viatu, alikata kipande cha ndimu akakinusa. Akanusa sabuni. Akanusa majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, kisha kola ya shati la Fanueli lililotundikwa nyuma ya mlango. Akitoka uani alivunja jani la mchaichai, akalifikicha, akalipeleka puani na kusimama hapo amekunja uso, kama mtu aliyesalimiwa njiani na mtu ambaye jina lake halimjii.

"Mama Ritha, utaninusa mpaka lini?" Fanueli alimuuliza. "Kama nanuka sema, nikaoge."

"Hunuki."

"Basi tulia."

Kutulia ndiko kulikomshinda. Masika yaliyopita aliugua mafua mabaya, homa ikamlaza, na alipoinuka kitandani pua ilikuwa imekufa kabisa. Kitunguu, mafuta ya taa, samaki wa jana, vyote vilikuwa hewa tupu. Hakumwambia mtu. Alidhani itarudi, na kweli ikarudi, ila ilirudi vibaya. Baadhi ya vitu vilinukia kama zamani. Vingine vilikuja na harufu ambayo haikuwa yake, harufu ya tairi linaloungua, hata kahawa aliyoipenda tangu usichana.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Kwa Lea pua ilikuwa kazi. Alizaliwa milimani Usambara, kwa wazazi Washambaa, Walutheri wa kanisa la mawe, na akiwa binti aliingia kiwanda cha chai kufunga magunia. Mwonjaji mkuu wa kiwanda aligundua kwamba msichana huyu akipita karibu na chai iliyoungua kidogo kwenye kikaushio, hugeuza kichwa. Akamfundisha. Miaka mingi Lea alisimama mbele ya meza ndefu ya vikombe vyeupe, akifyonza chai kwa kishindo, akitema kwenye ndoo na kusema: hii imenyauka kidogo mno, hii imechachuka kupita kiasi, hii nzuri. Kiwanda kilipopunguza watu, familia iliteremka Pongwe, ambako Fanueli alikuwa amepata kazi ya kutengeneza matrekta kwenye shamba la katani. Lea akafuga kuku. Akajua kazi ya pua imekwisha.

Ndipo akaja Wilfred. Alikuwa kijana wa Muheza aliyesomea kemia na kufanya kazi kwenye viwanda vya bia, kisha akanunua ghala la zamani la katani pale Pongwe na kuingiza humo mtungi mkubwa wa shaba nyekundu wenye shingo ndefu kama ya bata. Alileta shayiri kutoka nyanda za juu, akaiotesha mpaka ikawa kimea, akaichemsha, akaichachusha, akaikeneka mara mbili, mvuke wake ukipoa na kurudi kuwa maji, na maji makali yaliyotoka akayatia kwenye mapipa ya mwaloni. Watu wa Pongwe walisema anatengeneza gongo ya matajiri, na hawakuwa mbali sana na ukweli. Mwenyewe aliiita wiski ya kimea kitupu. Alikuwa na pua nzuri, lakini alitaka na ya pili, maana mtu aliyeipika wiski kwa mikono yake huinusa kwa huruma. Akaelekezwa kwa Lea.

Kanisani wazee wawili walinong'ona. Lea aliwajibu kwamba yeye hanywi, anatema, na kama kutema ni dhambi basi wamwonyeshe kitabu. Hawakukileta. Akaizoea kazi, akaipenda. Alijifunza kwamba wiski changa hunukia ndizi na unga mbichi, na kwamba ikikaa hupata vanila na sukari iliyoungua kutoka kwenye mbao. Sasa mapipa ya kwanza yalikuwa yametimiza miaka mitatu. Katika nchi za baridi huo ni utoto. Pongwe, chini ya mabati, joto husukuma wiski ndani ya mbao kila mchana, na hakuna aliyejua kwa hakika miaka mitatu ya hapa ni sawa na mingapi ya huko.

Muda mfupi baada ya mafua, akiwa ameanza tena kunusa, Lea alikuta harufu ya tairi kwenye pipa la tano. Alimwambia Wilfred kuna ubovu wa kiberiti, yaani salfa, ule unaotokea wiski isipoguswa na shaba ya kutosha wakati wa kukenekwa. Wilfred alinusa, akasema haisikii. Lakini alimwamini. Akalimimina pipa lote na kulirudisha mtunguni likenekwe upya. Wiski ya rangi ya asali ikawa tena maji makali yasiyo na rangi.

Kisha, siku ya Alhamisi, harufu ileile ikatokea kwenye pipa la tatu.

"Dada Lea, una hakika?" Wilfred aliuliza. Alikuwa ameshika glasi yake juu kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi nasikia ndizi. Na kama ngozi mpya ya kiatu, lakini si tairi."

"Nasikia tairi."

"Jumatatu anakuja Robert." Robert alikuwa msimamizi wa baa ya hoteli moja Dar es Salaam, na ndiye wa kwanza kutaka kuiweka wiski ya Pongwe rafuni kwake. "La nne bado halijatimiza umri. Ukisema pipa hili bovu, tunabaki na mawili tu ya kumwonyesha."

"Nipe mpaka Jumatatu," Lea alisema. "Nipe na kichupa kidogo niende nacho."

Alitoka ghalani kichupa kikiwa mfukoni. Mapipa mawili, mbao tofauti, siku tofauti za kukeneka, na harufu moja. Njia nzima mpaka nyumbani alikuwa akisimama na kuendelea, kusimama na kuendelea. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande.

Ijumaa alikwenda mjini, Ngamiani, kwa rafiki yake Semeni. Semeni alikuwa na duka jembamba la manukato: udi wa kutengeneza mwenyewe, marashi, karafuu, asumini iliyofungwa kwenye uzi, vikopo vya unga wa sandali. Walijuana tangu mabinti zao walipokuwa shule moja, na tangu hapo urafiki haukulegea. Semeni alikuwa amekaa kwenye mkeka akisokota vidonge vya udi, vidole vyeusi kwa sukari iliyoungua.

"Karibu shoga. Mbona umekonda uso?"

"Sikukonda. Semeni, nataka unijaribu. Nifumbe macho uninusishe vitu, nikwambie ni nini."

"Ati nini?"

"Nijaribu tu."

Semeni alimtazama, akafuta mikono, akamfunga macho kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Akamsogezea kitu cha kwanza.

"Karafuu," Lea alisema papo hapo.

"Haya. Na hiki?"

"Marashi. Mawaridi."

"Hiki?"

"Ndimu." Lea alianza kutabasamu. Labda hofu ilikuwa ya bure. "Leta kingine."

Kitu kilichofuata kilimfikia kabla Semeni hajakiweka sawa. Lea alirudisha kichwa nyuma. "Umechoma nini? Tairi?"

Lea aliuvua mtandio. Semeni alikuwa ameshika kidonge cha udi kibichi, ule wake mzuri aliokuwa akiwauzia mabibi harusi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukaniwa mama.

"Udi wangu tairi?"

"Si udi wako, Semeni. Ni mimi."

Akamweleza yote pale pale, mafua, kahawa, pipa la tano, pipa la tatu. Semeni alisikiliza huku akikizungusha kidonge kiganjani. Lea alipotia mkono mfukoni, Semeni aliinua kidole. "Hicho ulichonacho humo usinitolee dukani. Sikigusi na sikinusi, hata kwa ajili yako."

"Sikitoi. Nilikuwa natafuta kitambaa."

"Sawa." Akamwachia jicho la kumsamehe. "Huyo tajiri wako anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Mtu akikupa pua yake uitunze, halafu ikaumwa, unamwambia imeumwa. Unangoja nini?"

"Sijajua kwa hakika. Inawezekana pipa ni bovu na pua mbovu, vyote viwili."

"Hapo sasa umetafuta pa kujificha," Semeni alisema, akarudi kusokota udi wake.

Lea aliondoka bila kunywa kahawa aliyotengewa. Alizunguka mitaa ya Ngamiani bila kwenda popote, akipishana na baiskeli, akinusa kila alichopita. Mkate wa kumimina ulinukia mkate. Kuku wa kukaanga, tairi. Maembe, embe. Baiskeli iliyokuwa ikizibwa pancha, yenye tairi la kweli, haikunukia chochote. Hapo alicheka peke yake barabarani, kicheko kibaya, mpaka mama muuza mihogo akamwuliza kama yuko salama.

Jumapili baada ya ibada akapata njia ya kuwa na hakika. Alikuwa amejifunza kwa Wilfred kwamba shaba humeza kiberiti. Kwa hiyo kama ubovu umo ndani ya wiski, kipande safi cha shaba kikilowekwa humo kitaupunguza, na glasi yenye shaba itanukia tofauti na isiyo nayo. Kama ubovu umo puani mwake, glasi zote mbili zitanuka sawa. Alimwomba Fanueli waya wa umeme. Fanueli aliumenya ganda la plastiki kwa kisu, naye Lea akausugua kwa ndimu na chumvi mpaka ukang'aa mwekundu.

"Mimina kiasi sawa," alimwambia. "Moja itie waya. Ziache zikae. Halafu toa waya, uzichanganye nisijue ipi ni ipi, ndipo uniite."

Fanueli, mzee wa kanisa, alizishika glasi zile mbili kama mtu anayebeba mayai ya jirani. Lea alikaa uani akikunja na kukunjua kitambaa cha kichwa. Akasimama, akamwagilia mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa, akakaa tena. Alipoitwa alikwenda haraka hata akajikwaa kizingitini.

Alinusa ya kushoto. Tairi. Alinusa ya kulia. Tairi. Akatia matone ya maji, akazungusha, akafunika kwa kiganja, akafunua, akanusa tena, kwa tundu moja la pua kisha la pili. Harufu ilikuwa ileile pande zote, haijapungua hata chembe.

"Nusa wewe," alisema.

"Mimi?"

"Kunusa si kunywa. Nusa, uniambie."

Fanueli aliinama kwa tahadhari. "Hii ni kali. Inachoma. Ila mbele yake kuna ndizi. Ndizi iliyoiva ikaanza kupiga madoa." Akainamia ya pili. "Na hii hivyohivyo. Ndizi."

"Hakuna tairi?"

"Mama Ritha, nimefanya kazi na matairi maisha yangu yote. Hapa hakuna tairi."

Lea aliketi kwenye kiti cha plastiki. Alichokiona mbele yake hakikuwa pipa la tatu tena. Aliliona la tano, lile lililokuwa zima, likimiminwa kwenye ndoo moja baada ya nyingine kwa neno lake.

Jumatatu alifika ghalani mapema. Wilfred alikuwa amevaa shati jeupe na kupanga glasi juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Lea hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, kwa sauti moja, bila kupamba: mafua, udi, waya wa shaba, na ndizi ya Fanueli.

Wilfred aliweka chini glasi aliyokuwa akiifuta. "Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na pipa la tano?"

"Nadhani lilikuwa zima."

"Unadhani." Alitoka nje. Lea alimwona kupitia mlango akisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akitazama upande wa barabara. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Dada Lea, mafua kila mtu anaugua. Ungesema unaumwa, ningekwambia pumzika, ningenusa mwenyewe. Aibu iko wapi katika mafua?"

"Sikuogopa mafua."

"Uliogopa nini?"

Lea alifikiri. Alitaka kulisema sawasawa. "Nilikuwa nimeteremka mlimani nikiwa mfuga kuku. Wewe ukanifanya tena mtu anayeulizwa. Niliogopa kuacha kuulizwa."

Gari lilisikika likikata kona kuingia uwanjani. Wilfred alimsogezea kiti. "Kaa," alisema. "Leo hutanusa. Utaonja tu, na utasema unachokijua kwa ulimi. Na mgeni nitamwambia ukweli."

Alimwambia kweli, tena mbele ya Lea. Robert alikuwa mwanamume mpole mwenye asili ya Moshi, amezoea kushika glasi kwa shina lake. Alimtazama Lea kwa huruma, naye Lea akatamani sakafu ipasuke. Kisha kazi ikaanza. Pipa la kwanza, la pili, la tatu. Wanaume wawili walinusa kwa muda mrefu na kusemezana: unga, ndizi, vanila, nazi iliyokaangwa. Lea alikaa kama kiziwi kwenye ngoma. Akachukua glasi ya kwanza, akabana pua kwa vidole viwili bila kujali anaonekanaje, akafyonza kwa kile kishindo cha chai, akaizungusha mdomoni, akatema.

Mwanzoni alipata moto tu. Akarudia, akiongeza maji. Taratibu moto ukasogea pembeni na nyuma yake akakuta kitu alichokifahamu tangu ujana wake: ulimi uliokauka pembeni, fizi zilizobanwa, ule ukakasi wa chai iliyosahauliwa kwenye birika. Pipa la kwanza lilikuwa nao kidogo. La pili zaidi. La tatu lilikuwa nao mpaka kooni.

"Wewe unasemaje, mama?" Robert aliuliza, labda kwa adabu.

"Harufu sijui. Mdomoni, mbao zimetoka haraka kuliko wiski ilivyokua. Hili la tatu hasa. Likikaa zaidi kwenye pipa hili hili, litakuwa maji ya gome."

Robert alitikisa kichwa. "Mimi naona kinyume. Ni changa. Bado kali, bado ina ubichi. Ningeipa mwaka mwingine, hata miwili. Wateja wangu wataniuliza kwa nini inawachoma."

"Uchanga ni kweli," Lea alisema. "Nami nauona. Lakini mwaka mmoja kwenye mbao hizi hautauondoa uchanga bila kuleta uchungu."

Wakabishana. Robert hakuwa mjinga na Lea hakuwa na uhakika wote aliouonyesha. Mara mbili alionja tena katikati ya maneno yake mwenyewe, akihofia ulimi nao usije ukawa umemsaliti. Wilfred alikwenda na kurudi baina ya glasi, jasho likimtoka mgongoni, mpaka shati jeupe likawa limemshika. Mwisho alisema, "Ninyi wote wawili mnaogopa kitu cha kweli." Akaamua. Pipa la tatu litiwe kwenye chupa sasa, likiwa na maji ya kutosha kulipoza. La kwanza na la pili yahamishiwe kwenye mapipa makuukuu ambayo mbao zake zilishachoka, yapumzike humo mwaka mmoja. Robert alichukua katoni chache za pipa la tatu, kwa shingo upande, akisema atazijaribu.

Habari zilirudi kutoka Dar zikiwa mchanganyiko. Wapo walioipenda, wakasema haifanani na nyingine yoyote. Mteja mmoja alisema ni kama kulamba ubao mpya wa seremala. Wilfred alimsomea Lea ujumbe huo kwenye simu huku akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Hajakosea," Lea alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile wakacheka pamoja.

Hakumfukuza. Lakini neno la Lea peke yake halikumimina tena pipa. Wilfred alinusa, Lea akaonja, na wasipokubaliana pipa likafunikwa likangoja. Suala la pipa la tano halikutajwa. Lilikuwapo tu, kwa jinsi Wilfred alivyokuwa akiuliza jambo mara mbili, na kwa jinsi Lea alivyokuwa hakasiriki akiulizwa.

Muuguzi wa kliniki ya masikio na pua alimwambia kwamba pua inaweza kufundishwa upya, taratibu, kwa harufu zilezile kila siku, na kwamba haahidi kitu. Semeni akamfungia vichupa vinne: karafuu, marashi ya waridi, ganda la ndimu na majani ya mkaratusi. Lea alivinusa asubuhi na jioni, macho amefumba, akitaja kila kimoja kimoyomoyo. Fanueli aliacha kulalamika. Siku nyingine alimletea mwenyewe kitu kutoka shambani, kipande cha katani kibichi au udongo uliolowa, akakiweka mbele yake.

Juma lililopita walikeneka shayiri mpya. Maji makali ya kwanza yalipoanza kutiririka kwenye bomba, Wilfred alikinga kidogo, akanusa, akampa Lea glasi. Alisahau, au hakusahau. Lea aliipeleka puani kabla ya kukumbuka kwamba hatakiwi. Kulikuwa na tairi, mbali, kama linaungua mtaa wa tatu. Na kabla yake, kwa nukta moja, kulikuwa na kitu kingine, chepesi, cha shambani, ambacho kilipita upesi mno.

"Vipi?" Wilfred aliuliza.

"Nimepata kitu kikaondoka."

"Kizuri au kibaya?"

"Sijui," Lea alisema. Alikuwa ameshaanza kuzunguka mtungi, glasi mkononi, akinusa tena na tena. "Nikingie nyingine. Hii nimeimaliza kwa kunusa."